Mchanganyiko wa Mama Chupa

Jumatatu asubuhi mwendesha mnara namba mbili alikabidhiwa fagio. Lilikuwa fagio jipya, la mpini mrefu, bado lina karatasi ya dukani. Msimamizi wa zamu, mtu wa kifua kipana ambaye kiwanda kizima kilimwita Chuma, alimnyooshea kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa mfukoni.

"Uwanja wa mbele mpaka getini," alisema. "Na yale majani ya kwenye mfereji."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka damu yako irudi. Au mpaka meneja achoke kumlipa mfagiaji mshahara wa fundi. Kitakachotangulia."

Wenzake waliokuwa wakipokezana zamu waliangalia viatu vyao. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Huyu alikuwa mtu aliyeitwa Sikio kwa sababu aliweza kupita kando ya pampu na kusema, "Hii haimalizi wiki," na kweli isiimalize. Alilichukua fagio, akaichana ile karatasi, akaanza kufagia kutokea getini kurudi ndani, ili angalau awape mgongo wapita njia.

Yote yalitokana na karatasi moja ya hospitali. Daktari alikuwa amemsomea polepole: chembe nyeupe za damu elfu mbili na mia sita, mahali ambapo mtu mzima hutakiwa awe na elfu nne au zaidi. "Hawa ndio askari wa mwili," alimwambia. "Wako wanapungua, na wanapungulia huko huko kwenye uboho wanakotengenezwa. Si saratani. Lakini ukiendelea kuvuta ule mvuke, sitakuahidi neno hilo mwakani."

Ule mvuke ulikuwa na harufu tamu, na Sikio alikuwa ameuvuta miaka kumi na mmoja akidhani ni harufu ya kazi. Kiwanda kilipokea mafuta mepesi ambayo ndani yake waliishi ndugu wasiofanana: wengine wapole, wanaofaa kutengenezea gundi na rangi ya viatu, wengine, benzeni na jamaa zake, wanukato wenye tabia mbaya. Ili kuwatenga, mafuta yalipandishwa mnarani kutoka chini na kiyeyushi, dawa ya majimaji ya kuwanasa, kikashushwa kutoka juu. Vilipopishana, kiyeyushi kiliwabeba wanukato na kuwaacha wapole waendelee na safari. Shida ni kwamba kiyeyushi chenyewe kilitaka moto mkali, na kilitafuna mipira ya maungio ya mabomba kama panya. Kila mpira ulipolika, mvuke ulitoka, na aliyekuwa karibu aliula.

*

Saa kumi na moja jioni alifika nyumbani, akanawa mikono mara tatu kwa sabuni kabla ya kumwamkia mama yake, aliyekuwa sebuleni akikunja nguo. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa mezani na madaftari. Hakuinua kichwa.

"Baba, kuna msichana wa darasani kwetu amesema amekuona unafagia nje ya kiwanda."



"Ameniona vizuri," Sikio alijibu. "Amekwambia uwanja ulikuwa umetakata?"

Binti alijikaza, kisha akacheka bila kutaka. Bibi hakucheka. "Fagio halijamvunja mtu heshima," alisema. "Kinachovunja heshima ni anayelitoa."

Mke wa Sikio aliingia akiwa bado na koti la maabara mkononi. Walifanya kazi kiwanda kimoja, yeye akiwa mpimaji: alipokea sampuli kwenye vichupa, akazipitisha kwenye mashine, akaandika majibu. Hakuwa na shahada. Alikuwa na cheti, miaka tisa ya kupima, na jina la Mama Chupa alilopewa na madereva wa malori. Alikuwa amekwisha kuliona fagio kupitia dirisha la maabara, na kutwa nzima hakuthubutu kusogelea dirisha hilo tena.

"Kesho naenda kwa meneja," alisema kabla hajakaa.

"Kumwomba nini?" Sikio aliuliza. "Usiende kuniombea, mama watoto. Tafadhali."

"Siendi kuomba. Naenda kumwonyesha ule mchanganyiko wangu."

Bibi aliweka chini shati alilokuwa akikunja. Habari za mchanganyiko alikuwa akizisikia vipande vipande kwa miezi mitano, tangu mkwe wake aanze kula chakula cha mchana kwa dakika tano na kutumia zilizobaki kwenye vichupa. "Hebu nieleze na mimi leo. Mna nini humo?"

"Chumvi moja, mama, inaitwa kolini. Wafugaji huitia kwenye chakula cha kuku. Na gliserini, ile inayobaki watu wakitengeneza sabuni. Na asidi kidogo, ile inayochachusha maziwa. Chumvi ni ngumu, gliserini ni nzito, lakini ukiziweka pamoja kwenye moto mdogo zinayeyushana, zinakuwa maji, na hata zikipoa hazigandi tena."

"Kama mama mkwe na mkamwana wabishi waliotiwa jiko moja."

"Mbona sisi hatukuyeyuka, mama?"

"Tuliyeyuka. Wewe tu hukuona."

Safari hii Sikio ndiye aliyecheka. Mkewe aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kipimo, si ya mtu anayebahatisha. "Benzeni inaupenda mchanganyiko huo, mafuta ya kawaida hayaupendi. Hautoi mvuke. Hautaki moto mkali. Hauli mipira. Nimepima mara sitini na nne."

"Kwenye chupa," Sikio alisema kwa upole.

"Kwenye chupa," alikubali. "Ndiyo maana nataka mnara."

*

Meneja alimsikiliza akiwa amesimama, ishara kwamba hakutarajia mazungumzo marefu. Chuma alikuwepo, kaegemea kabati la mafaili.

"Kwa hiyo, Mama Chupa," meneja alisema, "unataka tusafishe mafuta kwa chakula cha kuku?"

"Na sabuni," Chuma aliongeza. "Wakimaliza tutawaongezea taulo."

Walicheka wote wawili. Mama Chupa aliwaacha wacheke mpaka wakaishiwa, kisha akafungua daftari lake juu ya meza, juu ya makaratasi ya meneja, bila kuomba ruhusa.

"Chakula cha kuku hakijampunguzia mtu damu," alisema. "Mwezi huu mmebadilisha mipira ya maungio mara ngapi? Mwezi uliopita? Mimi najua, kwa sababu kila inapobadilishwa mnaniletea sampuli. Mara saba. Na wiki mbili zilizopita mnunuzi wa gundi amerudisha mzigo kwa sababu kiyeyushi chenu kilibaki kwenye mafuta. Changu hakibaki. Huu hapa ukurasa."

Meneja aliusoma ukurasa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba mawazo mapya huja na watu wenye tai. Alisoma wa pili, na mara hii alikaa.

"Mnara mdogo wa majaribio haujawashwa miaka miwili," alisema hatimaye.

"Unafanya kazi. Nimeukagua."

"Lini?"

"Nikiwa kwenye chakula cha mchana."

Meneja alimtazama Chuma, Chuma akatazama dari. "Jumamosi," meneja alisema. "Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Chuma atakupa watu wawili. Wanunuzi wanataka wanukato wasizidi nusu ya moja katika kila mia. Ukifika hapo tutazungumza. Usipofika, sitaki kusikia habari za kuku tena humu ndani. Na mumeo asisogelee minara. Karatasi ya daktari ninayo, sitaki kesi."

"Hata mimi sitaki asogee," alisema Mama Chupa.

*

Jumamosi walianza vizuri. Mchanganyiko uliyeyuka kwenye tangi ukawa safi kama maji ya kunywa, na wale vijana wawili wa zamu waliunusa, wakaunusa tena, wasiamini kwamba hauna harufu. Mafuta yaliingia kwa chini. Pampu ikawashwa, ukashushwa mchanganyiko kwa juu.

Saa nne kasoro robo pampu ilianza kunguruma. Saa nne kamili ilikaa kimya.

Waliiwasha tena, ikazunguka dakika moja, ikasimama. Mama Chupa alifungua valvu ya sampuli na tone likatoka taratibu, likaning'inia, likakataa kuanguka. Chuma alikuja akaliangalia.

"Asali," alisema. "Umetutengenezea asali. Nimpigie meneja au utampigia mwenyewe?"

Mama Chupa alipitia daftari. Akapima joto la tangi: digrii hamsini na tano, kama ilivyotakiwa. Kwenye chupa, joto hilo lilitosha. Alirudia hesabu, ikatoka ile ile. Hakuwa na hofu, lakini alijua kikomo cha anachokijua, na alijua ni nani aliyekuwa nje ya ukuta akiwa na kile alichokosa yeye. Alivua glavu akatoka.

Sikio alikuwa uwanjani, kama mita mia kutoka kwenye minara. Alipomwona tu akaliegemeza fagio ukutani. "Pampu imekufa," alisema. "Nimeisikia ikifa. Naingia."

"Huingii."

"Mke wangu, ni dakika kumi tu."

"Minara mikubwa yote minne inafanya kazi na ile mipira yake mibovu. Ukiingia mle, nimeshindwa hata mafuta yakitoka safi kama machozi. Nafanya haya yote kwa ajili ya nini?"

 Hasira ilimpanda Sikio, si kwa mkewe, bali kwa zile mita mia. Kisha akatoa simu mfukoni. "Basi nipelekee sikio peke yake."

Hivyo ndivyo Chuma, aliyemkabidhi mwenzake fagio siku ya Jumatatu, alivyojikuta Jumamosi amepiga magoti kando ya pampu, ameshika simu kama anayemlisha mtoto.

"Si hapo juu," sauti ya Sikio ilisema. "Ubavuni, karibu na bomba la kuingilia. Haya, iwashe."

Pampu ilinguruma, ikakoroma, ikasimama.

"Haijaziba hiyo. Imepaliwa. Inavuta kitu kizito kuliko nguvu zake. Shika bomba linalotoka kwenye tangi. Lina joto?"

Chuma alishika. "Baridi."

"Baridi vipi?"

"Kama pua ya mbwa."

"Ndiyo hiyo. Tangi mnalipasha, halafu mnaupitisha mchanganyiko kwenye bomba tupu mita kumi na mbili. Ukifika kwenye pampu umekwisha kuwa uji. Chukueni mpira wa maji ya moto, uzungusheni kwenye bomba mwanzo mpaka mwisho, mfunike na magunia. Kwenye minara mikubwa hamuoni hili kwa sababu kiyeyushi cha zamani ni chepesi."

Mama Chupa, aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili, alipiga paji la uso. "Bomba langu la maabara lina urefu wa shubiri moja," alisema. "Sikuwahi kufikiria njiani."

"Ndiyo maana watu huoana," simu ilijibu, na wale vijana wawili wakaangua kicheko.

Iliwachukua saa moja na nusu kulivika lile bomba. Pampu ilipowashwa ilizunguka kwa sauti moja, nyororo. Lakini sasa kwenye kioo cha mnara kulionekana ukungu mweupe. Mafuta na mchanganyiko, badala ya kupishana, vilikuwa vimeshikana. Safari hii Chuma hakusubiri kuambiwa. Alipiga simu mwenyewe.

"Sikio, vimekuwa maziwa."

"Kikorogeo cha ndani ya mnara kinazunguka kwa namba ngapi?"

"Namba nane. Kama kawaida."

"Kawaida ya kile cha zamani. Kile kilitaka vurugu, hiki kinataka adabu. Rudi namba tatu, na muwe na subira."

Walirudi namba tatu. Ukungu ulipungua kidogo kidogo, kama chumba kinachotulia baada ya ugomvi, na tabaka mbili zikaonekana: mafuta juu, mchanganyiko chini, na mstari mwembamba kati yake.

*

Mashine ya maabara ilichora majibu yake kwa vilima kwenye karatasi, na kilima cha tatu kilikuwa cha benzeni. Katika mafuta yaliyoingia, wanukato wote kwa pamoja walikuwa tisa katika mia. Sampuli ya saa saba ilisoma moja na robo. Ya saa nane na nusu, sita ya kumi, juu kidogo ya ile nusu. Meneja alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya kiti. Saa tisa na dakika ishirini kilima cha tatu kilitoka kichuguu tu, na jumla ikasoma tatu ya kumi, chini ya ile nusu.

 Mama Chupa aliweka sampuli ile ile mara ya pili. Tatu ya kumi. Kisha akatafuta kama mchanganyiko wake umebaki ndani ya mafuta. Mashine ilichora mstari ulionyooka kama uzi uliovutwa.

"Kuna kasoro," alisema.

Meneja alishtuka. "Kasoro gani tena?"

"Mchanganyiko hubeba kidogo kila mzunguko. Lazima uzunguke mara nyingi. Mnara utakuwa wa polepole kuliko wa zamani, kama kwa theluthi."

"Kwa nini unanieleza ubaya wake sasa hivi, wakati nimeanza kufurahi?"

"Kwa sababu ungeuona mwenyewe Jumatatu."

Meneja alicheka, na mara hii hakikuwa kicheko cha dharau. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akavuta kiti kwa ajili yake. Alizungumza kama mtu mwenye haraka ya kutenda wema: mnara namba mbili utamwagwa na kujazwa mchanganyiko mpya ndani ya mwezi, Sikio atakuwa msimamizi wake, kwa kuwa hakuna mvuke tena, na Mama Chupa mwenyewe atapandishwa daraja. Alikuwa tayari ameandika nusu ya barua. Kwenye barua hiyo uvumbuzi uliitwa "wa idara ya ufundi."

"Andika jina langu na jina la mume wangu," Mama Chupa alisema.

Aliandika.

"Na mnara namba mbili hautaisha mvuke. Utapungua. Benzeni bado imo, inatoka kwenye mafuta kwenda kwenye mchanganyiko, na ikitenganishwa nao lazima kila kitu kifunikwe. Na minara mingine mitatu bado iko vile vile. Kabla ya yote, waendeshaji wote kumi na mmoja wapimwe damu."

Kalamu ya meneja ilisimama. "Ukiwapima watu damu, Mama Chupa, utapata majibu."

"Ndiyo maana ya kupima."

"Na nikisema hapana?"

"Mchanganyiko ni wa kiwanda. Vipimo vyote nimeviandika, daftari hilo hapo, sitaondoka nalo. Lakini mume wangu hatasimamia mnara ambao hatujui umewafanya nini waliouendesha."

Meneja alilitazama daftari, akamtazama yeye. "Nitafikiria," alisema, na barua akaifungia kwenye mtoto wa meza.

*

Nyumbani Sikio alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Umekataa mnara wangu?"

"Nimeuchelewesha."

"Ulitakiwa uniulize."

"Nilitakiwa," alisema. "Nisamehe kwa hilo. Ningekuuliza, ungesema nini?"

Sikio aliinuka akaenda dirishani. Mama yake na binti yake walijifanya wana shughuli. Aliwakumbuka mmoja mmoja wenzake wale kumi: yule anayekohoa, yule aliyepauka mpaka midomo, yule ambaye mkewe ana mimba. Alikumbuka pia walivyoangalia viatu vyao.

"Ningesema wapimwe," alijibu hatimaye. "Lakini ningependa kulisema mimi."

"Basi Jumatatu liseme wewe," mama yake alidakia. "Mdomo haujapungukiwa damu."

*

Hakupata nafasi ya kuanza. Jumatatu saa moja meneja aliwakusanya waendeshaji wote mbele ya mnara namba mbili, Sikio akiwa nyuma ya mstari wa rangi uliochorwa sakafuni, kule alikoruhusiwa. Meneja alieleza juu ya mchanganyiko mpya, akawataja mke na mume kwa heshima, akauliza kama kuna swali. Sikio alikuwa anavuta pumzi ya kusema, Chuma akanyoosha mkono.

"Tupimwe damu kwanza," alisema.

"Nani amekutuma?" meneja aliuliza.

"Fizi zangu. Mwezi wa tatu huu natoka damu nikipiga mswaki. Nimebadilisha miswaki minne." Hakumtazama mtu. "Siuwashi huo mnara, wala mwingine, mpaka nijue."

Mwingine akasema hata yeye huchoka akipanda ngazi tatu. Wa tatu akasema macho yanamuuma. Walisema kwa zamu, kama watu wanaoshusha mizigo, na kutoka nyuma ya mstari Sikio aliyataja ya kwake, namba kwa namba, elfu mbili na mia sita, kwa sauti ambayo hata walinzi wa getini waliisikia. Walipomaliza, meneja alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Alhamisi," alisema. "Nitamwita muuguzi aje hapa hapa."

Alhamisi muuguzi aliweka meza yake ndani ya maabara, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye mwanga wa kutosha. Mama Chupa alimpangia vichupa na kuandika majina kwenye vibandiko. Sikio aliingia wa kwanza kwa kipimo chake cha marudio, akatoka akiwa ameshika pamba kwenye kiwiko, na nje akawaambia wenzake kwamba haiumi, jambo ambalo lilikuwa uongo mdogo wa kuwasaidia.

Chuma aliingia wa pili. Alikaa, akakunja mkono wa shati mpaka begani, akageuza uso ukutani. Mkono ule mnene, uliowahi kufungua valvu zilizowashinda vijana watatu, ulikuwa umekazwa, na muuguzi alitafuta mshipa mara mbili bila kuupata.

"Ulegeze," muuguzi alimwambia.

"Nimeulegeza."

Mama Chupa alizunguka meza, akaushika mkono ule kwenye kifundo, akautuliza juu ya taulo. Sindano ikaingia, chupa ikaanza kujaa.

"Mama Chupa," Chuma alisema, bado anaangalia ukuta. "Majibu yakija, unisomee wewe. Wale wengine watanificha."

"Nitakusomea."

"Hata yakiwa mabaya?"

Alichukua kile kichupa chenye joto, akakipindua taratibu mara tano kama inavyotakiwa, akakibandika jina halisi la Chuma, lile ambalo hakuna mtu kiwandani aliyewahi kulitumia.

"Yote," alisema. "Jinsi yalivyo."